Springi za Baiskeli na Barabara za Buha: Mwendo Kiasi Gani Unatosha?

Asafiriye kwa baiskeli kutoka Kasulu kuelekea Kibondo wakati wa kiangazi huitambua ardhi ya nchi ile kwa mifupa yake kabla ya kuitambua kwa macho. Nyanda za juu za Buha, zilizoinuka kati ya bonde la mto Malagarasi na mpaka wa Burundi, zina udongo mwekundu ambao mvua huulainisha ukawa tope na jua huukausha ukawa mgumu kama tofali. Tangu miaka ya 2010 lami imekuwa ikiwekwa kwa vipande kwenye barabara kuu itokayo Kidahwe kupitia Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi. Bali njia ziendazo mashambani, shuleni, kwenye zahanati na minadani kwa sehemu kubwa zimebaki za udongo na changarawe. Pikipiki zimewachukua abiria wengi, lakini gunia la mihogo, mikungu ya ndizi, maharage, mkaa na madumu ya maji bado huonekana juu ya baiskeli, na pengine hata mgonjwa apelekwaye kutibiwa.

Kwa miongo mingi baiskeli iliyojulikana katika nchi hizi ilikuwa ile nzito ya chuma yenye magurudumu ya inchi 28, kama vile Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China na Hero ya India. Baiskeli hiyo haina springi isipokuwa zile zilizo chini ya kiti. Siku hizi, hata hivyo, masoko yameleta baiskeli za aina nyingine, mpya na za mitumba, ziitwazo baiskeli za milimani. Nyingi zina springi katika uma wa mbele, ambao mafundi huuita foku, na baadhi zina springi nyuma pia. Mwalimu au muuguzi aliyejiwekea akiba ya miezi mingi hufika dukani akaambiwa kwamba kadiri springi zinavyokuwa ndefu ndivyo safari inavyokuwa laini. Maneno hayo yana ukweli kidogo na upotofu mwingi. Bahati njema ni kwamba suala lenyewe halihitaji kubahatishwa, kwa maana mwanafunzi ajuaye kanuni ya Hooke na nishati anaweza kulifanyia hesabu kwa kalamu na karatasi.

MWENDO NA MBONYEO

Maneno mawili yafaa yatofautishwe tangu mwanzo. Mwendo wa springi ni umbali wote ambao gurudumu laweza kupanda kuelekea kwenye fremu, kutoka pale springi iliponyooka kabisa hadi inapogota. Mbonyeo ni sehemu ya mwendo huo ambayo huliwa na uzito peke yake, baiskeli ikiwa imesimama na mwenyewe ameketi juu yake. Baiskeli yenye mwendo wa sentimita 10 ambayo hubonyea sentimita 2.5 mtu anapoipanda ina sentimita 7.5 zilizobaki za kupokea mawe, na sentimita 2.5 za kuliwezesha gurudumu kushuka ndani ya shimo bila kuiachia ardhi. Waendeshaji wa baiskeli za milimani kwa kawaida huirekebisha springi ili mbonyeo uwe kati ya sehemu moja ya tano na sehemu tatu za kumi za mwendo wote.

Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba springi hujikunja kwa kadiri ya kani inayoisukuma. Kani ikizidi maradufu, mbonyeo nao huzidi maradufu. Kutokana na kanuni hiyo hupatikana jambo moja lenye manufaa makubwa. Springi iliyobebeshwa uzito, ikisukumwa kidogo na kuachwa, hupanda na kushuka kwa marudio maalumu, yaani idadi fulani ya mitikisiko kwa kila sekunde. Na marudio hayo hutegemea mbonyeo tu. Mbonyeo ukipimwa kwa sentimita, marudio, kwa hezi, ni karibu 5 kugawanywa kwa kipeo cha pili cha mbonyeo huo. Mbonyeo wa sentimita 1 hutoa hezi 5. Wa sentimita 4 hutoa hezi 2.5, wa sentimita 25, kama ungewezekana katika baiskeli, ungetoa hezi 1. Haijalishi kama kilichobebwa ni mtoto au gunia: mbonyeo ukiwa sawa, marudio huwa sawa.

Umuhimu wa hesabu hiyo u katika mwili wa binadamu. Vipimo vya kimataifa kuhusu mtikisiko, vilivyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1974, vilitambua kwamba mtu aliyeketi huathirika zaidi na mtikisiko wa kupanda na kushuka ulio kati ya hezi 4 na 8. Katika kiasi hicho viungo vya ndani ya kiwiliwili hutikisika vyenyewe kwa kupatana na kiti, na uchovu huja upesi.

TAIRI NI SPRINGI YA KWANZA

Baiskeli za miaka ya 1860 zilikuwa na magurudumu ya mbao yaliyovishwa chuma, na Waingereza waliziita kwa jina lenye maana ya kitikisa mifupa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alifunga mpira uliojazwa upepo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tangu siku hiyo kila baiskeli yenye tairi la upepo ina springi, ingawa mwenyewe aweza asilijue hilo. Kando ya Ziwa Kivu, huko Goma, kipo kielelezo cha hali iliyotangulia. Chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachoteremsha mamia ya kilo za mazao, kina ukanda wa mpira tu juu ya gurudumu la mti. Mwendo wake wa springi ni milimita chache, na anayekiongoza hulijua kila jiwe la njia yake.

Tairi la baiskeli ya inchi 28 lina unene wa karibu sentimita 4. Likijazwa upepo inavyostahili, hubonyea karibu milimita 6 chini ya uzito wa mwenye baiskeli. Kwa kanuni iliyokwisha kutajwa, marudio yake ni karibu hezi 6.5. Sasa na ipimwe barabara. Barabara ya changarawe iliyokauka hufanya vituta vidogo vidogo vilivyopangana kama mgongo wa bati. Mwaka 2007 wanafizikia walionyesha kwa gurudumu dogo lililozungushwa juu ya mchanga mkavu kwamba vituta hivyo hujitokeza vyenyewe mara mwendo wa gurudumu unapopita kiwango fulani, hata kama gurudumu halina springi wala mpira. Chini ya kiwango hicho mchanga hubaki sawa. Katika barabara zenyewe, umbali kutoka kituta hadi kituta mara nyingi huwa kati ya nusu mita na mita moja. Ukichukuliwa umbali wa sentimita 70, mwendesha baiskeli aendaye kilomita 16 kwa saa, yaani karibu mita 4.5 kwa sekunde, hupigwa mara sita na nusu kila sekunde.

Hapo ndipo balaa linapokutana na balaa. Barabara inapiga kwa hezi 6.5, tairi linapenda kutikisika kwa hezi 6.5, na mwili wa mtu hauvumilii kiasi hicho hicho. Mipigo inapopatana na marudio ya springi, kila pigo huongeza juu ya lililotangulia, kama mtoto asukumwaye kwenye bembea kwa wakati wake. Ni kweli kwamba hesabu hii ni ya kukadiria, kwani tairi si springi kamili na mtu si jiwe; hata hivyo yaeleza vizuri kwa nini waendesha baiskeli wote huiacha katikati ya barabara na kufuata kijia chembamba cha ukingoni, ambako magari hayapiti.

MGONGO WA BATI NA KIPIMO CHA CHINI

Springi huanza kumkinga mtu pale tu mipigo ya barabara inapozidi marudio yake yenyewe kwa kiasi cha mara 1.4. Chini ya hapo springi haisaidii, na pengine huongeza mtikisiko. Hiki ndicho kipimo cha chini cha mwendo wa springi, nacho chaweza kutafutwa kwa hesabu.

Uma wa mbele wenye mwendo wa sentimita 5, ukibonyea robo ya mwendo huo, una mbonyeo wa sentimita 1.25 na marudio ya karibu hezi 4.5. Utaanza kumkinga mtu kwenye hezi 6.3, juu ya vituta vya sentimita 70, hiyo ni kasi ya kilomita 16 kwa saa. Mwalimu aendaye shuleni asubuhi kwa kilomita 12 au 13 kwa saa hatapata nafuu yoyote kutokana na springi hizo, na fedha aliyoziongezea imepotea. Uma wenye mwendo wa sentimita 8 hubonyea sentimita 2, nao huanza kusaidia kwenye kilomita 12.6 kwa saa. Uma wa sentimita 10 huanza kwenye karibu kilomita 11.

Kwa hiyo mtu asiye na mzigo, aendaye kwa kasi ya kawaida juu ya barabara kavu za Kasulu na Kibondo, ana sababu ya kutaka mwendo wa sentimita 8 hadi 10 mbele. Chini ya sentimita 8 faida ni ndogo mno. Je, juu ya sentimita 10?

JIWE, SHIMO NA KIPIMO CHA JUU

Vituta ni adui mmoja. Kuanguka ni adui wa pili. Gurudumu likitoka kwenye ukingo wa daraja la mbao au mzizi uliojitokeza, uzito wote huanguka kimo fulani, na nishati ya kuanguka huko lazima imezwe na springi. Nishati ni uzito ukizidishwa kwa kimo cha anguko pamoja na urefu ambao springi hujikunja. Nayo hulinganishwa na nusu ya ugumu wa springi ukizidishwa kwa mraba wa urefu huo. Mwanafunzi akiitatua milinganyo hiyo atapata jibu jepesi: gawanya maradufu ya kimo kwa mbonyeo, ongeza 1, tafuta kipeo cha pili, kisha ongeza 1 tena. Hesabu hiyo husema springi itajikunja mara ngapi ya mbonyeo wake, na pia kani kubwa kabisa itakuwa mara ngapi ya uzito.

Mfano wenye tarakimu nyepesi ni huu. Anguko ni la sentimita 10, mbonyeo ni sentimita 2.5. Maradufu ya 10 kugawanywa kwa 2.5 ni 8. Ukiongeza 1 ni 9. Kipeo chake ni 3. Ukiongeza 1 ni 4. Springi itajikunja sentimita 10 kamili, na kani itafika mara nne ya uzito. Uma wa sentimita 10 umetosha bila kubaki hata milimita. Mbonyeo ukiongezwa ukawa sentimita 4, kani hushuka hadi mara tatu na nusu tu, lakini springi huhitaji karibu sentimita 14. Yaani, ili kupunguza kani kwa sehemu moja ya nane, mwendo umeongezwa kwa zaidi ya theluthi. Kila sentimita inayoongezwa hununua nafuu iliyo ndogo kuliko ile ya sentimita iliyotangulia.

Na nafuu hiyo ina gharama yake. Uma mrefu huinua mbele ya baiskeli. Mtu anapofunga breki ya mbele akiteremka vilima vya Heru Juu, uzito huhamia mbele, uma hujikunja, na baiskeli huinamisha pua wakati ule ule mwenyewe anapohitaji iwe thabiti. Anapopanda akiwa amesimama juu ya pedeli, kila msukumo wa mguu huikunja springi, na sehemu ya jasho lake hugeuka kuwa joto badala ya kuwa safari. Wengi husema kwamba ubaya wa springi ni uzito wake. Hilo si la kutiliwa maanani sana. Kilo 2 za nyongeza, zikipandishwa mlima wa mita 300, zataka nishati ya karibu kilojuli 6, ilhali mtu, baiskeli na mzigo wenye jumla ya kilo 160 hutaka karibu kilojuli 470.

Historia ya baiskeli za milimani yathibitisha hesabu hizi. Vijana wa Marin County, karibu na San Francisco katika Marekani, walianza katika miaka ya 1970 kuteremka milima kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene, bila springi yoyote mbele wala nyuma. Uma wa kwanza wenye springi uliopata soko kubwa, wa kampuni ya RockShox, ulitoka mwaka 1989, na mwendo wake haukuzidi sentimita 5. Mwaka uliofuata Greg Herbold alishinda kwa uma wa namna hiyo mbio za dunia za kuteremka mlima huko Durango. Baadaye mwendo ulirefuka. Leo baiskeli za mbio za kuteremka hufikia sentimita 20, kwa kuwa wapandaji wake huruka kutoka kwenye majabali kwa kasi kubwa na hupandishwa mlimani kwa gari au kwa kamba za umeme. Lakini wale washindanao katika mbio ndefu za kupanda na kushuka, ambao safari yao hufanana zaidi na ya mtu wa Buha, hutumia sentimita 10 hadi 12. Mtu anayeuziwa baiskeli ya sentimita 16 ili aendee mnadani ameuziwa dawa ya ugonjwa asio nao.

GUNIA HALINA MAGOTI

Hadi hapa aliyezungumziwa ni mpanda baiskeli asiye na mzigo, naye ana springi nyingine ambayo hakuna kiwanda kiwezacho kuitengeneza: miguu yake. Akisimama kwenye pedeli na kulegeza magoti, ana mwendo wa sentimita 20 au zaidi, wenye kurekebishwa na ubongo kwa kila jiwe. Springi za kiti nazo humsaidia yeye peke yake. Kilichofungwa kwenye keria hakipati chochote katika hayo. Kati ya gunia na barabara hakuna kitu ila tairi, na gunia la mihogo halina magoti.

Je, springi ya nyuma italifaa? Ichukuliwe baiskeli yenye mwendo wa sentimita 10 nyuma, iliyorekebishwa vizuri kwa mpanda baiskeli anayelemea gurudumu la nyuma kwa kilo 40. Mbonyeo ni sentimita 2.5. Sasa afunge kilo 80 za mihogo juu ya ekseli ya nyuma. Uzito umekuwa mara tatu. Mbonyeo utakuwa sentimita 7.5, mwendo uliobaki ni sentimita 2.5 tu, na shimo la kwanza litaigotesha springi kwa kishindo. Lakini ubaya mkubwa zaidi haumo katika shimo. Mbonyeo wa sentimita 7.5 hutoa marudio ya karibu hezi 1.8. Mwenye mzigo mzito hupanda kilima polepole, akienda karibu kilomita 4.6 kwa saa; na kasi hiyo, juu ya vituta vya sentimita 70, ni mipigo 1.8 kwa sekunde. Baiskeli itaanza kuruka na kubonyea kwa kupatana na barabara, mzigo utayumba, na mtu mmoja hatauzuia. Kile kilichokuwa raha kwa asiye na mzigo kimekuwa hatari kwa mwenye nao.

Dawa ionekanayo ya wazi ni kuweka springi ngumu mara tatu. Basi mbonyeo wa kilo 120 utarudi kuwa sentimita 2.5, ila siku ya kurudi mtupu mbonyeo utakuwa milimita 8 tu na marudio karibu hezi 5.5, ndani kabisa ya kiasi kinachouumiza mwili. Magari ya mizigo yana tatizo hili hili, nayo hulitatua kwa kuongeza springi za pili ambazo hugusa pale tu mzigo unapokuwa mkubwa. Baiskeli za bei kubwa hutumia springi za upepo ambazo hujazwa kulingana na uzito, lakini hizo zahitaji pampu maalumu ya shinikizo kubwa na mihuri ya mpira isiyovuja. Fundi wa mji mdogo ana spoku, gololi, cheni na viraka; mihuri hiyo ni nadra kuwa nayo, na vumbi jekundu huila upesi.

Kwa baiskeli ya mizigo, basi, hesabu yaelekeza kwenye mwendo wa sentimita sifuri nyuma. Jibu hilo haliwavutii wauzaji, lakini wahandisi waliofikiria hali kama hii wamelifikia vilevile: baiskeli za Buffalo za shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 na ambalo baiskeli zake zimeenea Zambia, Malawi, Zimbabwe na Kenya, zina fremu ya chuma na keria ya kubeba kilo 100, na hazina springi mbele wala nyuma.

Kinachobaki ni kuitumia vema springi ya Dunlop. Tairi la unene wa sentimita 4, baada ya kuondoa unene wa mpira wenyewe, halina mwendo wa zaidi ya sentimita 3. Likiwa na mbonyeo wa milimita 6, anguko la sentimita 3 hulikunja sentimita 2.6, yaani karibu mwendo wote. Mzigo ukiongezwa pasipo kuongeza upepo, mbonyeo hufika karibu sentimita 1.8, na anguko lile lile hudai sentimita 5.5 ambazo hazipo. Rimu hupiga jiwe na kuubana mpira wa ndani katikati. Fundi anapokuta matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, ajue kwamba aliyepasua mpira si mwiba, bali ni upepo mdogo chini ya mzigo mkubwa. Tairi nene la inchi 2.1, fremu ikiwa na nafasi ya kulipokea, huongeza zaidi ya sentimita moja ya mwendo bila kuongeza hata kitu kimoja cha kuharibika.

Abiria wa keria, hasa mgonjwa au mama mjamzito, anaweza kupewa springi yake mwenyewe kwa bei ndogo. Mto wa sponji wa sentimita 8 ambao hubonyea sentimita 3 mtu anapoketi una marudio ya karibu hezi 2.9, bora kuliko uma wa sentimita 10. Sponji, zaidi ya hayo, huula mtikisiko upesi, haiurudishi. Sifa hiyo ndiyo iliyo katika vipande vya mpira wa tyubu ambavyo wachukuzi hufungia mizigo badala ya kamba ya katani.

KUUPIMA UMA DUKANI

Sifa hiyo ya kuula mtikisiko yastahili kuangaliwa pia katika uma wenye springi. Springi peke yake huhifadhi nishati na kuirudisha. Kinachoimaliza ni shokapu, ambamo mafuta husukumwa kupitia tundu dogo na nishati hugeuka kuwa joto. Uma nyingi za bei nafuu zina springi na kipande cha mpira, bila mafuta yoyote. Mnunuzi na aushike usukani, aibane breki ya mbele, auandamize uma kwa nguvu na kuuachilia ghafla. Uma mzuri hurudi mara moja na kutulia. Ukicheza mara mbili au tatu, hauna shokapu, nao juu ya mgongo wa bati utakuwa adui. Ukikwama kisha ukaruka kwa mshtuko, msuguano wa ndani umezidi. Mipigo midogo itapita kana kwamba springi haimo. Uma wa namna hizo mbili ni duni kuliko uma mtupu wa chuma, hata kama umeandikwa kwamba una sentimita 10.

Aliyekwisha kununua anaweza kufunga pete nyembamba ya mpira, au uzi, kuzunguka bomba la ndani la uma, na kuishusha hadi chini kabla ya safari. Pete itasukumwa juu na kubaki pale uma ulipofika. Ikiwa kwa wiki nzima haijapita nusu, springi ni ngumu mno au mwendo ni mwingi kuliko njia zinavyodai. Ikiwa hugota kila siku, springi ni laini mno au mwendo hautoshi. Kugota mara moja moja, kwenye shimo baya kuliko yote ya njia ile, ni dalili kwamba kipimo ni sahihi.

Darasa la fizikia lililo karibu na barabara ya changarawe linaweza kufanya kipimo chenyewe kwa kamba na rula. Kamba inyooshwe juu ya vituta kumi, umbali wa kutoka cha kwanza hadi cha kumi ugawanywe kwa tisa, na kina cha kila bonde kipimwe kutoka kwenye kamba. Kisha wanafunzi wawahesabie muda waendesha baiskeli kati ya vigingi viwili vilivyo mita 50 mbalimbali, wenye mizigo kando na wasio na mizigo kando, na kugawanya kasi kwa umbali wa vituta. Kipimo kifanywe mara mbili, mwezi Agosti au Septemba vumbi likiwa jingi, na tena Januari katikati ya mvua. Safari ya pili vituta vingi huwa vimevurugwa na maji na magari, mahali pake pamekuja mikondo na tope, kasi imeshuka hata chini ya kilomita 10 kwa saa, na hesabu ya mwendo wa springi itabidi ianzwe upya.